Gorogoro Kumi na Moja

Kwanza aliazima futi yangu ya kushonea,
ile ya njano iliyofutika namba kuanzia thelathini na mbili,
akalala kifudifudi ndani ya buti,
miguu nje, soksi zimetoboka,
akipima shimo la gurudumu la akiba
kama fundi anayempima bibi harusi asiyetulia.

"Kasha la dukani haliingii," akasema Nyamweya.
"La dukani limetengenezewa gari la mtu mwingine."

Letu ni Probox. Lilibeba viazi vya Molo
miaka sita kabla hatujalinunua,
na vumbi la shamba bado limo kwenye mishono ya viti.
Gurudumu akaling'oa, akaliviringisha hadi nyuma ya nyumba.
Nikamwuliza, na siku tukipata pancha?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za kifo
tonge likiwa mdomoni.

Hapa Kiti Jumamosi haikosi kelele.
Msumeno aliouomba kwa Wekhomba ukaongeza yake,
unga wa mbao ukatua juu ya sukuma,
juu ya shuka kwenye kamba,
juu ya kope za Kwamboka aliyeshika tochi mchana kweupe
kwa sababu baba alisema, shika tochi.

Umbo likatoka la ajabu: nusu chungu, nusu kobe.
Akalivisha fulana ya kampeni, akaivuta mpaka ikakaza.
Uso wa mgombea aliyeshindwa ukapanuka masikio,
kisha akampaka resini, mkono wa kwanza, wa pili,
mheshimiwa akagandia pale, anatabasamu.
Harufu ikatuhamisha; tulilala kwa jirani siku mbili.
Nyuzi za faiba zikaniwasha viwiko wiki nzima,
na mimi sikuwa nimegusa kitu.

Lita ishirini na nane, kijitabu kilisema.
Zikizidi, besi inalegea. Zikipungua, inabweka.
Lakini kobe asiye na pembe utampimaje?
Alijaza ukurasa mzima hesabu, akaukunja,
akaufungua, akaukunja tena.

Mama yangu aliuza mahindi kwa gorogoro miaka ishirini.
Mkono wangu unajua kopo lililojaa
na kopo linalodanganya.
Nikalipima kwanza kwa maji: lita mbili na nusu na kidogo.
Halafu nikamimina mahindi ya ugali wetu,
kupitia tundu la spika, moja, mbili,
Kwamboka akihesabu kama anaita roho.
Kumi na moja, pungufu ya kiganja.

Nyamweya akaketi juu ya ndoo, akacheka
mpaka akafuta macho kwa mkono wenye gundi.
Sikumsikia akicheka hivyo tangu kiwanda kifungwe.
Sikusema kitu. Nilikuwa nayachota mahindi nje.

Alipoiwasha, sahani zilisogea kabatini
na paka wa jirani akahama mtaa.

Pancha ilikuja, ilijua njia.
Salgaa, saa mbili usiku, mvua ya kupiga makofi kwenye paa,
malori yakipita yakitutikisa kama meno mabovu.
Sikumwambia nilikuambia. Niliimeza, ilikuwa chungu.
Tukamngoja Wekhomba alete gurudumu la kuazima,
na yeye, kwa aibu, akafungulia benga taratibu.
Nikaisikia kwanza kiunoni, kisha mbavuni,
masikio yakaja mwisho.
Joto hivi. Kama kuegemea ng'ombe.

Halafu, kwenye noti moja ya chini,
kitu kikalia ndani ya kobe: tik-rrr, tik-rrr.
Akazima. Akawasha. Tik-rrr.
"Kuna mahali panavuja," akasema, uso umemshuka.
"Hapana," nikasema. "Ni punje. Moja ilibaki."

Anasema ataifungua aitoe, Jumamosi.
Jumamosi tatu zimepita.
Kule nyuma ya nyumba, ndani ya gurudumu la akiba,
kuku ametaga mayai saba na hataki kuguswa.